Daktari Trowell na Mtoto Aliyevimba Miguu

Nani huku Msambweni asiyepata kumwona mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka rangi ya kutu, hacheki wala hachezi? Wadigo tangu zamani waliita chirwa, na lawama iliwaangukia wazazi, kwamba wamevunja mwiko wa ndoa. Mama aliyefiwa akabaki na aibu juu ya msiba.

Lakini wasomaji, msidhani madaktari wa Kizungu walijua zaidi. Hugh Carey Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari St Thomas's, London, akafika Kenya 1929. Enzi hizo daktari alifunzwa vidudu, dawa na kisu. Habari za chakula waliachiwa wapishi. Naye alipowaona watoto hao alikisia tu. Mwaka 1937, akiwa amekwisha hamia Uganda, aliandika kwamba ni pelagra, maradhi ya upungufu wa vitamini.

Alikosea. Huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Daktari Cicely Williams alikwisha eleza mwaka 1933 kwamba kisa ni chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa, na mwaka 1935 akalitangaza jina la wenyeji, kwashiorkor: maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Mabingwa walimpinga bibi huyo.

Trowell, tofauti na wakubwa wengi, alikubali kurudi nyuma. Mwaka 1945 aliandika upya juu ya maradhi hayo pamoja na Mganda, Daktari E. M. K. Muwazi, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean wakatoa kitabu kizima. Kwangu mimi, darasa lake lina uzito kupita kitabu. Alisomesha Mulago, hospitali ya mafunzo ya Makerere, na mpaka miaka ya 1960 hapakuwa na chuo kingine cha madaktari kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Pale mwanafunzi aliona mtoto akirudishiwa uhai kwa maziwa yaliyotolewa mafuta, kidogo kidogo.

Leo wataalamu hawasemi tena kwamba ni upungufu wa protini peke yake. Maradhi mengine nayo yana sehemu yake. Hata hivyo uji mtupu wa muhogo hujaza tumbo tu, na kunde, pojo na samaki wa Gazi huishia sahanini mwa wakubwa. Qur'ani imetaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, lakini mimba ya haraka huikata.

Mwaka 1956 Trowell aliandika habari za Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, jambo la nadra mno Mulago siku hizo. Akarejea kwao, akawa padri. Katika miaka ya 1970, yeye na Denis Burkitt, mwenzake wa Uganda, walishika tena kalamu, safari hii juu ya unga uliokobolewa mno, nyuzinyuzi zilizotupwa, na kisukari kinachofuata. Alifariki mwaka 1989, na siku hizi wagonjwa wa kisukari hawakosekani Msambweni.