Edmond Albius, mtoto mtumwa aliyegundua namna ya kuozesha ua la vanili

Wakati vanili inachanua, wakulima wa pande za Beni na Butembo wanaingia shambani asubuhi mapema, kijiti kidogo mkononi. Ua moja linafunguka siku moja tu, tena kwa masaa machache. Likifunga bila kuguswa, hakuna tunda. Kazi hii ya kijiti ilitoka kwa mtoto wa miaka 12, mtumwa, ambaye hakujua kusoma wala kuandika.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kwenye kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa La Réunion, ng'ambo ya Madagascar. Mama yake, Mélise, alikufa wakati wa kumzaa. Jina la ukoo hakuwa nalo, sababu mtumwa hakupewa. Mtoto akakuwa mali ya Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye mashamba aliyependa sana maua. Kutwa alikuwa anamfuata bustanini, na huko bwana wake alimwonyesha namna ya kutoa unga wa ua dume na kuupaka kwenye ua jike la mmea mmoja wa jamii ya maboga.

Vanili yenyewe ilitoka Mexico, ambako kuna nyuki wanaofanya kazi hiyo. Pale Bourbon mmea ulikaa karibu miaka 20, unachanua vizuri, maua yanaanguka bure. Shida iko ndani ya ua. Sehemu ya dume na ya jike ziko pamoja, lakini katikati kuna kifuniko chembamba kama ngozi, na unga hauwezi kupita wenyewe. Mmea unarithi umbo hilo, hata uutunze vipi. Profesa mmoja wa Liège, kule Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kuzalisha tunda kwa mkono mwaka 1836, lakini wakulima wa kisiwani hawakufaidika na njia yake.

Mwaka 1841 Ferréol anatembea bustanini na Edmond, anaona matunda kwenye mmea wake. Edmond akamwambia ni yeye aliyeyafanya. Bwana hakuamini. Siku chache nyuma yake tunda lingine likaonekana, akamwomba aonyeshe. Kumbe ni kitu chepesi: kwa kijiti chembamba cha mwanzi aliinua kile kifuniko, halafu kwa kidole gumba akaugandamiza unga upande wa jike. Basi.

Mabwana wengine wakamwita awafundishe watumwa wao. Kufika mwaka 1898, kisiwa kilikuwa kinatoa karibu tani 200 za vanili kwa mwaka. Wanawake wanaofanya kazi hiyo kule wanaitwa kwa Kifaransa waozeshaji.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, watu zaidi ya 60,000 wakawekwa huru kisiwani, na Edmond akapewa jina la Albius. Uhuru ulikuja mikono mitupu. Alishuka Saint-Denis kutafuta kazi, akafanya kazi jikoni, akajikuta katika kesi ya wizi wa vito, akahukumiwa miaka mitano. Watu waliomfahamu walimwombea kwa serikali kwa kukumbusha vanili, na akatoka mbele ya muda.

Hata ugunduzi wake waliutaka. Mtaalamu wa mimea Jean Michel Claude Richard alisema ni yeye aliyeonyesha njia hiyo kisiwani mwaka 1838. Ferréol, ambaye alikuwa bwana wa mtumwa, lazima tukumbuke hilo, aliandika kumtetea Edmond. Leo wanahistoria wengi wanampa haki Edmond.

Alirudi kuishi karibu na Sainte-Suzanne. Ferréol aliomba serikali imlipe posho kidogo juu ya utajiri alioleta kisiwani. Jibu halikuja. Edmond alifariki mwezi wa nane 1880 katika hospitali ya Sainte-Suzanne, maskini.