Frederick Johnson na Mpangilio wa Maneno Katika Kamusi

Walimu wengi wa Kiswahili wameitumia kamusi ya Johnson, lakini ni wachache waliopata kuyajua maisha yake. Yafaa tuyajue, kwa maana yana funzo la darasani.

Frederick Johnson alikuwa Mwingereza aliyetumikia elimu nchini Tanganyika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Johnson alikuwa Katibu wake wa kwanza. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake iliyoeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Kisha akaendelea na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza, akijenga juu ya ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Hakujaliwa kuiona. Alifariki mwaka 1937, nayo ikachapishwa mwaka 1939.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba herufi za mwanzo za nomino mara nyingi ni kiambishi cha ngeli tu. Johnson aliyaweka maneno chini ya kitenzi kilichoyazaa. Kwa njia hiyo kipimo na mpimaji ni watoto wa pima. Undugu huonekana, lakini asiyeujua mzizi hupotea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliipa kila nomino mahali pake kwa herufi zake. Neno hupatikana upesi, ila kipimo hukaa jirani na kipindi na kipini, ambavyo si ndugu zake.

Mwalimu wa Dodoma ana mfano mlangoni pake: Mgogo, Wagogo, Kigogo, Ugogo. Wanafunzi wautafute mzizi wenyewe. Kisha waulizwe juu ya kigogo cha mti, na kigogo aliye mtu mwenye madaraka. Baadaye waingie katika sayansi. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa, kama ya yai au ya seli. Kiinitete ni kiumbe kinachoanza kukua kabla ya kuzaliwa. Kiinimacho ni mazingaombwe tu.

Mwanafunzi asiyeliona neno hudhani halimo, na mwishowe huamini kwamba lugha yake haina neno la sayansi. Johnson alituachia kamusi. Kumfundisha mtoto kuifungua ni wajibu wetu.