Valadier, daktari wa meno aliyeokoa taya za askari

VITA Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, jeshi la Uingereza liliingia Ufaransa bila hata daktari mmoja wa meno. Upungufu huo ulibainika Oktoba, Jenerali Douglas Haig alipolemewa na maumivu ya jino katikati ya mapigano, ikabidi tabibu atafutwe Paris. Husimuliwa kuwa aliyeitwa ni Auguste Charles Valadier, mzaliwa wa jiji hilo aliyesomea kazi yake Marekani.

Valadier alikuwa na mali, wala hakuibania. Aliweka kiti cha kutibia meno ndani ya gari lake la Rolls-Royce, na huko Wimereux akaanzisha wadi ya askari waliovunjwa taya kwa risasi na vipande vya mabomu. Aliosha vidonda mara kwa mara, akijitahidi kuokoa kila kipande cha mfupa.

Hata hivyo, kanuni hazikumruhusu daktari wa meno kupasua bila msimamizi. Aliyepelekwa kumsimamia mwaka wa 1915, Harold Gillies, ndiye aliyegeuka mwanafunzi. Gillies naye alimfunza Archibald McIndoe, mmoja wa watatu walioasisi mwaka wa 1957 huduma ya madaktari wa ndege, ambayo msomaji wa Kakamega anaijua leo kwa jina la Amref.

Mwaka wa 1921 Uingereza iliunda kikosi cha madaktari wa meno jeshini, na Valadier akatunukiwa cheo cha Sir. Alifariki Agosti 1931 mjini Le Touquet, kamari ikiwa imemfilisi.