Sayyida Salme: ujane ulipomrudisha kwenye kalamu

Huku kwetu mwanamke akifiwa na mumewe, mambo mawili hutajwa haraka: eda na mirathi. La tatu halizungumzwi sana. Eda ikishakwisha, mama huyu ataishi kwa ajili ya nini? Watu humpa pole, akapewa fungu lake ikiwa ana bahati, kisha akahesabiwa kama mtu ambaye maisha yake yamepita, kilichobaki ni kulea tu.

Maisha ya Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya alijulikana kwa jina la Emily Ruete, yanagusa swali hilo. Si maisha ambayo kila msomaji atayakubali, na yeye mwenyewe aliyajutia baadhi ya mambo. Lakini wajane wetu wana la kuchukua humo, na sisi tunaowazunguka pia.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri ya Mtoni, Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, Unguja na pwani hii yetu, Mombasa na Lamu zikiwemo. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Kicherkesi. Mabinti wa kasri walifunzwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufunzwa. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ilipojulikana alilaumiwa sana, naye hakuacha.

Kalamu ile ilianza kwa kumponza. Babake alifariki mwaka 1856. Mamake akafuata mwaka 1859, akiuawa na kipindupindu. Mwaka huohuo Barghash, nduguye, alijaribu kumpindua Sultan Majid, naye pia ni nduguye. Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ukoo uliogawanyika.

Baadaye alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Akashika mimba. Agosti 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa. Kubadili dini lilikuwa jambo zito kwa watu wake, na kwa wengi wetu ni zito mpaka leo. Yule mtoto alikufa akiwa bado mchanga, wazazi wakiwa safarini kwenda Ujerumani.

Walifikia Hamburg. Huko walizaliwa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Salme hakuijua lugha, hakuizoea baridi, na mtu wake alikuwa mmoja tu. Agosti 1870 mume huyo alianguka alipokuwa akiteremka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, ikamkanyaga, akafa baada ya siku chache. Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Kitinda mimba wake alikuwa na miezi michache tu.

Hebu msomaji upime hali hiyo. Mjane wa Unguja angekaa eda miezi minne na siku kumi akiwa na mama, shangazi na majirani ubavuni. Salme hakuwa na ndugu wa damu hata mmoja katika bara zima. Kwao hawezi kurudi, kwa sababu ya alivyoondoka. Sheria za Hamburg za wakati ule hazikumwachia mama mjane mamlaka kamili juu ya watoto na mali ya marehemu, bali waliteuliwa wasimamizi. Na urithi aliodai kutoka kwa babake na nduguze waliokufa hakuupata. Binti wa Sultani akaanza kuhesabu senti.

Ndipo alipoirudia ile kalamu. Alihama Hamburg akatafuta miji ambayo maisha yake yangekuwa nafuu: Dresden, Rudolstadt, kisha Berlin. Akapata riziki kwa kufundisha Kiarabu. Maarifa aliyoyaiba utotoni juu ya mfupa wa ngamia, yale ambayo kasri nzima iliyaona ni utovu wa adabu, ndiyo yaliyomsaidia kuwalisha watoto wake.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, anazuru London. Akafunga safari kwenda kuomba msamaha. Wakubwa wa Uingereza wakamzuia wasionane, wakamwahidi kwamba akiliacha jambo hilo watoto wake wangesaidiwa. Akaacha, na ahadi haikutimizwa.

Kama miaka miwili baadaye alianza kuandika habari za maisha yake. Hakukusudia kitabu. Alitaka watoto wake wajue mama yao ametoka wapi, maana walikuwa wakikua Wajerumani na Unguja kwao ilikuwa jina tu. Aliandika juu ya kasri, harusi, mfungo wa Ramadhani, sikukuu, uganga, mavazi, na hali ya wanawake. Mwaka 1886 maandishi hayo yalichapishwa Berlin, na kwa wengi Ulaya ndiyo yaliyokuwa mara ya kwanza kusoma habari za nyumba za Unguja kutoka kwa mwanamke aliyezaliwa ndani yake. Aliwasahihisha Wazungu mengi waliyoyadhania kuhusu wanawake wa Kiislamu. Lakini tuseme kweli: aliutetea pia utumwa, na kurasa hizo zinachoma ukizisoma leo.

Hapa ndipo wengi wanaosimulia kisa chake huteleza, wakakifanya hadithi ya ushindi. Salme hakushinda kila kitu. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na watoto wake, ndani ya msafara wa meli za kivita za Ujerumani. Watu wa mjini walimkusanyikia kwa furaha, ila Barghash alikataa kumwona. Wajerumani walikuwa wakiyatumia madai yake kumbana Sultani, na walipopata walichokitaka walimwacha. Mwaka uliofuata Ujerumani na Uingereza zikapatana juu ya milki ya Sultani, zikamwachia visiwa na ule ukanda wa maili kumi ambao sisi wa pwani ya Kenya tunaujua vyema. Salme hakuambulia kitu. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, pia bila mafanikio.

Baada ya hapo hakurudi kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut kwa zaidi ya miaka 20, karibu na lugha na adhana alizozizoea tangu utotoni. Alirejea Ujerumani mwaka 1914, na akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na mchanga wa ufuo wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi miaka yote. Hakuolewa tena. Alikuwa mjane kwa zaidi ya miaka 53, na ndoa yake ilikuwa imedumu mitatu.

Mwanawe Rudolph aliichukua ile kazi mkononi. Mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya babu yake Sayyid Said. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa na mwaka mmoja alikua akijua ukoo wa mamake, kwa kuwa mama alimwandikia.

Sasa turudi nyumbani. Mitaani kwetu kuna wajane wanaojua kushona, kupika kwa ajili ya harusi, kusomesha watoto chuoni, kufanya hesabu za duka. Mara nyingi ujuzi huo ulionekana mchezo wakati mume yu hai. Siku ya msiba tunakimbilia kuuliza nani atamlea. Ingefaa tumuulize pia anajua nini, na anahitaji nini ili akianze: mtaji mdogo, chumba, au mtu wa kumshikia mtoto asubuhi. Na haki yake ya mirathi apewe kamili, mapema, bila ya kuzungushwa. Salme alizungushwa na serikali tatu mpaka akazeeka. Mjane wa mtaani kwetu huzungushwa na shemeji zake, na hao wanaweza kuambiwa.