Mchujo uliomuaga Clemente

Roberto Clemente, mzaliwa wa Carolina, Puerto Rico, mwaka wa 1934, aliichezea Pittsburgh Pirates tangu 1955. Mnamo Septemba 30, 1972, alitimiza mapigo 3,000, wa 11 pekee kufanya hivyo katika historia ya ligi kuu za besiboli Marekani.

Siku chache baadaye Pirates, mabingwa watetezi, walikabana na Cincinnati Reds katika raundi ya kwanza ya mchujo. Mechi ya tano, Oktoba 11, waliongoza 3-2 hadi awamu ya tisa, ya mwisho. Ndipo Johnny Bench akasawazisha kwa pigo lililopaa juu ya Clemente, aliyelinda upande wa kulia, likatoka uwanjani. Kisha Bob Moose akarusha mpira ukampita mdakaji, na Reds wakashinda 4-3. Mchezo ni katili: gwiji hakuguswa na kosa lile, ila msimu wake uliishia hapo.

Desemba 23 tetemeko liliibomoa Managua, Nicaragua. Clemente alikusanya misaada. Aliposikia kwamba shehena za awali haziwafikii waathiriwa, aliamua kuandamana nayo. Usiku wa Desemba 31 ndege yao, iliyosheheni kupita kiasi, ilianguka baharini punde tu baada ya kupaa kutoka San Juan. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mwili wake haukupatikana.