Byron Kawadwa: Jogoo Aliyewika Lagos

Kwetu Changamwe na Miritini malori ya Uganda si jambo geni. Huja kuchukua shehena za bandari ya Kilindini, na madereva wake hula kwetu, hulala kwetu, na wengine wameoa kwetu. Kwa hivyo khabari za Kampala hutufikia mapema, za furaha na za msiba. Leo napenda kumkumbusha msomaji mtu mmoja wa huko, ambaye jina lake halitajwi sana pwani ingawa kisa chake kinatuhusu. Naye ni marehemu Byron Kawadwa, mtunzi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza, aliyeuawa mwaka 1977.

Kawadwa alizaliwa mwaka 1940. Jumba la Michezo la Taifa la Kampala lilipofunguliwa mwaka 1959, waliolitawala zaidi walikuwa Wazungu na Wahindi, na Kiingereza ndicho kilichosikika jukwaani. Yeye ni miongoni mwa waliolipindua jambo hilo. Aliunda kikundi cha Kampala City Players katika miaka ya sitini, akaandika kwa Kiganda, akatia ngoma na nyimbo za kwao, na watu wa kawaida wakaanza kuvijaza viti. Akishirikiana na mwanamuziki Wassanyi Serukenya, alitoa mchezo wa Makula ga Kulabako, kisa cha binti wa kifalme aliyempenda mtu asiye na cheo. Kisha ukaja Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Mwaka 1973 akawa mkurugenzi wa jumba lile lile.

Wimbo wa Jogoo ni kisa cha kasri, kiti na tamaa ya utawala. Waganda hawakuhitaji mfasiri. Mei 1966 majeshi ya Milton Obote yalikuwa yameishambulia kasri ya Kabaka Mutesa huko Mengo, mwaka 1967 falme zikafutwa, na mwaka 1969 Kabaka akafia uhamishoni London. Mtazamaji alicheka na kuimba, na moyoni akajua anaambiwa nini.

Sisi tuliolelewa kwa mashairi tunalijua fumbo. Muyaka bin Haji aliyapiga mafumbo yake hapa Mombasa, enzi za ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said. Lakini fumbo lina tabia moja: likishatoka kinywani, mwenyewe halimiliki tena. Kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha huyu yaweza kumkaa yule. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na mtawala huyu mpya naye alikuwa amekitwaa kiti kwa nguvu.

Mapema mwaka 1977 nchi nyingi zilikutana Lagos, Nigeria, kwa tamasha kuu la sanaa za watu weusi. Uganda ilipeleka Wimbo wa Jogoo. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtunzi, na ndiyo iliyomponza. Waliokuwa wakiusikiliza kwa masikio ya ujasusi waliona kwamba jogoo yule anamwikia Amin. Kawadwa aliporejea nyumbani, watu wa usalama walimfuata pale pale kwenye jumba la michezo, mchana kweupe, wakamchukua. Hakurudi tena.

Siku hizo kuchukuliwa hivyo kulikuwa kumezoeleka. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Ben Kiwanuka alitolewa ndani ya mahakama yake, asionekane tena. Februari ile ile ya 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili waliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa chuoni hapa Changamwe, nami nayakumbuka mazungumzo ya wakubwa barazani. Walikuwapo waliomsifu Amin kwa kuwa ni Muislamu, na kwa kuwa mwaka 1974 aliiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu. Waliposikia mauaji walisema ni uzushi wa maadui. Lakini Shaban Nkutu, waziri wa zamani na Muislamu mwenzetu, naye alichukuliwa Jinja Januari 1973 akauawa. Upanga ule haukuuliza mtu anaswali wapi, na dini yetu haikutupa ruhusa ya kuipima damu kwa jina la aliyeimwaga.

Mshairi wetu Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kijitabu cha Kenya: Twendapi? Ulikuwa mfungo wa dhuluma, lakini alisomewa mashtaka, akahesabu siku, akatoka, na mwaka 1973 tukapata Sauti ya Dhiki. Kawadwa hakusomewa shtaka lolote.

Amin alikimbia mwaka 1979 akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama kizimbani. Tume iliyoundwa Uganda mwaka 1986 ilisikiliza ushahidi wa mateso kwa miaka, ikatoa ripoti yake mwaka 1994. Kwa damu ya Kawadwa hakuna aliyehukumiwa.

Hakuwa mwenzetu kwa kabila wala kwa dini. Alikuwa mwenzetu kwa kalamu, na mtu aliyeuawa kwa dhuluma ana haki kwa kila anayejua. Mahakama za duniani zilimpita. Tusimpite na sisi kwa kunyamaza, maana iko Mahakama ambayo mashahidi wake ni pamoja na ndimi zetu.