John Hughlings Jackson (1835-1911): Tabibu wa Kifafa na Mtafiti wa Usemi

Katika jamii zetu nyingi kifafa kimehusishwa na mapepo, uchawi na laana. Mgonjwa aangukapo, watu humkimbia badala ya kumwauni. Jina lenyewe la maradhi hutukumbusha kufa. Imani za aina hii zilitamalaki Ulaya pia kwa karne nyingi. Makala hii inamwangazia tabibu Mwingereza aliyetumia umri wake kuonyesha kwamba kifafa ni tukio la ubongo lenye mpangilio unaoweza kusomwa.

John Hughlings Jackson alizaliwa tarehe 4 Aprili 1835 katika eneo la Yorkshire, Uingereza. Mamaye alifariki Jackson angali mchanga. Baadhi ya ndugu zake walihamia New Zealand, naye akashika njia ya utabibu. Alijifunza kazi hiyo mjini York, kisha London, akahitimu mwaka wa 1856. Hata hivyo, falsafa ilimvuta mno hivi kwamba nusura auache udaktari. Rafikiye, Jonathan Hutchinson, ndiye aliyemshawishi asifanye hivyo. Mwaka wa 1862 aliajiriwa katika hospitali ya Queen Square, iliyokuwa imefunguliwa 1860 kuwahudumia waliopooza na wenye kifafa.

Wakati huo wengi waliamini kwamba sehemu ya juu ya ubongo haihusiki na mwendo wa viungo. Jackson hakuwa mtu wa maabara. Nyenzo yake kuu ilikuwa macho yake. Aliketi na wagonjwa, akawauliza wao na jamaa zao mshtuko ulianzia wapi. Aligundua kwamba kwa baadhi yao mtetemo huanza kwenye kidole gumba, ukapanda mkononi, ukafika usoni, kisha ukashuka mguuni. Kutokana na utaratibu huo alikata shauri kwamba kila kiungo kina mahali pake katika gamba la ubongo, na kwamba kifafa ni mfumko wa ghafla wa nguvu kutoka kwenye seli zake. Mwaka wa 1870, Fritsch na Hitzig wa Berlin waliugusa ubongo wa mbwa kwa umeme, viungo vikasogea. Miaka mitatu baadaye majaribio ya David Ferrier yalizidi kumuunga mkono.

Hujafa hujaumbika. Mnamo 1865 Jackson alikuwa amemwoa binamuye, Elizabeth Dade Jackson. Mwaka wa 1876 damu iliganda katika mishipa ya ubongo wa Elizabeth, naye akashikwa na mishtuko ya aina ile ile ambayo mumewe alikuwa akiichunguza. Elimu yote aliyokuwa nayo haikumwokoa. Elizabeth alifariki bila kumwachia mtoto, naye Jackson hakuoa tena. Aina hiyo ya kifafa ingali inaitwa kwa jina la Jackson, ijapokuwa Mfaransa Bravais alikuwa ameieleza tangu 1827.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna deni letu kwake. Jackson aliwachunguza watu waliopoteza usemi baada ya kupatwa na kiharusi. Alibaini kwamba asiyeweza kuunda sentensi huweza bado kuapiza akighadhibika, au kutamka neno ambalo akiagizwa alitamke hushindwa. Kwake, kusema si kutoa maneno kinywani tu, bali ni kuyapanga yakabeba hoja. Anayechunguza afasia leo hana budi kuirejelea tofauti hiyo.

Mwaka wa 1878 Jackson alishirikiana na wenzake kuanzisha jarida la Brain, ambalo lingali linachapishwa. Dosari yake ilikuwa mtindo. Maandishi yake yalikuwa mazito, yamejaa tahadhari na tanbihi, na hakuacha kitabu kimoja kikuu. Makala zake teule zilikusanywa na kuchapishwa baina ya 1931 na 1932, miaka ishirini baada ya kifo chake cha tarehe 7 Oktoba 1911.

Tunachojifunza kwake ni kwamba mgonjwa ni wa kusikilizwa, si wa kukimbiwa. Panapo wengi wanaoona pepo, mtafiti huuliza: umeanzia kidole gani? Swali hilo lingali linahitajika vijijini na mijini mwetu.